Ukungu Kidogo

Aikaruwa alipiga funda moja, akakunja uso, akalitema lote kwenye ndoo. Hakuwa mtu wa kutema pombe. Alikuwa mkuu wa upishi katika kiwanda cha ushirika cha Kirawi, juu mlimani, na alizoea kujisifu kwamba koo lake limeshapitisha kila namna ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Lakini hii ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo.

"Tangi la tatu hilo?" aliuliza Mashauri.

"La tatu. La nne nalo ni hivi hivi. Huko mjini wanazirudisha kabla hawajamaliza hata kata moja. Jana mzee mmoja amenipigia simu kuniuliza kama tumeanza kupika magome ya msesewe matupu."

Mashauri alicheka, kisha akakumbuka kwamba hakuja kucheka. Alikuwa fundi wa Taasisi ya Sawa, mtu mzima mwenye kitambi, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye baridi ya mlimani ilimfanya avae makoti mawili. Taasisi yake ndiyo iliyopima pombe za nchi nzima na kuzipa muhuri. Pombe ilikuwa ama Sawa ama Si Sawa, hapakuwa na katikati, na bila muhuri huo hakuna duka lililoruhusiwa kuipokea. Ndiyo maana ukuta wa kiwanda ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya kijani, herufi kubwa kama za jina la shule: KILA KATA SAWA.

Aliinua kichwa kutazama sanduku la kioo lililoning'inia juu ya matangi. Ndani yake, kwenye maji ya uvuguvugu, ulikuwapo Ulimi. Ulikuwa kipande cha nyama hai, kipana kama kiganja, chenye rangi ya waridi, na nyuzi nyembamba zikichomoza pande zote. Mirija kutoka kila tangi iliudondoshea pombe tone kwa tone. Ulimi ulionja, nyuzi zikapeleka habari, na koki zikajifungua au kujifunga: maji ya ndizi kidogo, uji wa ulezi kidogo, moto upunguzwe, msesewe uongezwe. Kabla ya Ulimi, mbege ya Kirawi ilikuwa bahati nasibu, leo asali, kesho siki. Tangu Ulimi uwekwe, mnywaji alijua anachokwenda kukuta kwenye kata kabla hajaiinua.

Haukuwa ulimi wa mtu yeyote tu. Ulioteshwa kutoka kwenye chembe za mama mzazi wa Aikaruwa, mpika pombe aliyesifika mlima mzima, naye katika miaka yake ya mwisho alikaa mbele ya mashine akionja, mashine ikijifunza. Watu walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Ndekirwa, na mpaka leo wafanyakazi waliliita sanduku lile Mama Ndekirwa, wakalisalimia asubuhi. Siku wataalamu walipokuja kumwomba ridhaa, mama aliwatazama, akatoa ulimi nje kama mgonjwa mbele ya daktari, kisha akasema, "Chukueni tu. Kwa kusema sijautumia sana."

Ilikuwa kweli. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyozoea kuyasema kwa siku nzima.

"Dada, nyama hiyo imezeeka," alisema Mashauri. "Inazidisha msesewe bila sababu. Nimekupikia ushahidi." Akamwonyesha pipa dogo pembeni. "Ndizi zilezile, kimea kilekile cha ulezi, ila nimeufungia Ulimi nje. Onja."

Aikaruwa akaonja. Ilikuwa tamu, laini, na ule uchachu wake kwa mbali. Kibao cha kupimia cha Taasisi, alichokuja nacho Mashauri, kilikuwa kimeshaipima na kuwasha taa ya kijani.

"Jana nilikunywa kata mbili," Mashauri alisema kwa fahari kidogo. "Kwa hiyo tunaufuta. Nyama inabaki, tunaondoa mazoea, tunaweka ladha ya kiwango. Ukikubali, mchana huu nimemaliza na muhuri unarudi."

"Ukishaufuta, utakuwa ulimi wa nani?"

Mashauri alijikuna chini ya koti la pili. "Wa kiwanda," alisema.

Aikaruwa akamwomba asubiri hadi baada ya chakula. Hakumweleza kwa nini, maana yeye mwenyewe alikuwa hajui bado. Alijua tu kwamba moyo ulikuwa umemlipuka, kama siku ile ya hospitali walipomwambia achague jeneza la mama.

*

Mama Ndekirwa hakuwa na maneno, lakini alikuwa na msesewe. Gome lile chungu, likianikwa na kutwangwa, ndilo huikata mbege utamu ukawa wa kiume, na kila mpishi ana mkono wake. Wa mama ulikuwa mwepesi. Akikasirishwa, ulikuwa mzito. Mume akichelewa kurudi, pombe ilikuwa chungu kidogo. Mkwe akimsema vibaya, ikawa chungu zaidi. Majirani walionja, wakatazamana, wakaulizana, "Kulikoni kwa Mama Ndekirwa?" Wazee wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa mama ulisikika kooni.

Mara moja tu alipitiliza. Shangazi yao alikuwa anaolewa, mvua zilikuwa zimegoma kukatika, na ulezi ulioloweshwa ukaota vizuri lakini haukupata jua la kuukausha. Mama aliunusa, akamwambia mumewe ukatupwe. Baba akasema wakwe wako njiani, atawanywesha maji? Mama hakujibu. Alipika. Wageni walipopokea kata, hakuna aliyefika funda la pili. Ilikuwa aibu ya mwaka. Baba hakusema na mama hadi Pasaka. Ni baadaye sana, Aikaruwa akiwa chuoni, alipojifunza kwamba nafaka iliyoota kuvu hubeba sumukuvu, kwamba sumu hiyo haina ladha wala haiui kwa siku moja, bali hula ini taratibu, miaka, mpaka mtu anazikwa na hakuna anayejua amekufa kwa nini. Akampigia mama simu kumweleza. Mama akasema, "Mm," na kumwuliza kama anakula vizuri.

Aikaruwa alikwenda ghalani. Alichota kimea kwenye gunia la juu, akatafuna. Kizuri. Akalisukuma, akachota kwenye la chini yake. Rangi ilikuwa safi, hudhurungi ya kupendeza, iliyokaangwa. Alitafuna polepole. Nyuma kabisa ya kinywa, pale ambapo mtu hapatumii kila siku, kulikuwa na kitu kama harufu ya mkeka wa zamani uliolala kwenye unyevu.

Magunia yote yale yalikuwa ya kikundi cha kaka yake, Ndekirwa.

Akaenda langoni. Lango la kiwanda lilikuwa na mashine iliyoitwa Bawabu, yenye jicho la kuangalia rangi ya nafaka na sauti ya Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wa shule. Kila aliyeleta mzigo aliulizwa swali moja, na jibu lake likahifadhiwa.

"Nisikilizishe Ndekirwa Mlaki alipoleta ulezi huu wa mwisho," alisema.

Bawabu akatii. Kwanza ilisikika sauti yake mwenyewe: "Karibu. Kuna lolote la kutuarifu kuhusu mzigo wako?"

Mtu akakohoa. Kisha sauti ya Ndekirwa, ya chini kuliko kawaida yake: "Ukungu kidogo. Si wa kutisha."

"Ahsante. Hali ya hewa imeandikwa: ukungu kidogo. Pita."

Aikaruwa alisimama pale akiwa ameshika nguzo ya lango. Juu yake, kwenye mgongo wote wa mlima, nyavu za kunasia ukungu zilikuwa zimetandazwa kama nguo za kuanika. Tangu barafu ya kileleni iwe jambo la kwenye picha, maji yote ya Kirawi yalitoka kwenye nyavu zile, na kila mashine ya pale ilifundishwa kuuliza habari za ukungu wa angani kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna aliyeifundisha kwamba Kiswahili kina ukungu mwingine, ule wa kuvu.

Na Ndekirwa alilijua hilo. Kaka yake alikuwa mtu wa maneno. Aliwahi kuwa mshenga wa harusi mpaka akawa anaitwa hadi vijiji vya jirani. Hakuwa mtu wa kukosea neno.

*

Ndekirwa aliingia akiwa amejaa salamu, akamsalimia hadi fundi wa mirija aliyekuwa ndani ya tangi. Alikuwa mrefu, mwenye mvi za kupendeza, na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima waliomwamini kuliko walivyoamini utabiri wa mvua. Alimkuta dada yake amesimama kando ya lile pipa dogo, na Mashauri ameketi juu ya kreti, kibao mapajani.

"Aika, umeniita kama polisi. Kuna nini?"

"Kuna pombe, kaka," alisema Aikaruwa. "Kimea chako. Fundi ameipika bila Ulimi, imetoka tamu na kibao kimeipitisha. Nimeona nikukaribishe."

Aliijaza kata, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote za mtoto wa pili kwa mtoto wa kwanza. Ndekirwa akaipokea. Akaigeuza kumpa Mashauri.

"Mgeni kwanza."

"Hapana, kaka. Kimea chako, pombe yako. Mwenyewe huanza."

Ni desturi ambayo mtoto wa mlimani huijua kabla hajajua kufunga vifungo. Humpi mtu kata kabla hujanywa wewe. Ukimpa atakuuliza, kwa utani au bila utani, umemwekea nini. Maelfu ya kata zilikuwa zimepita mikononi mwa Ndekirwa, na kila moja aliianza yeye, akapangusa mdomo, akasema karibuni.

Sasa aliitazama. Povu likaanza kushuka, likaacha pete pembeni. Mashauri, ambaye alikuwa anatabasamu, aliacha taratibu.

"Jua halikutoka, Aika," Ndekirwa alisema hatimaye. "Halikutoka kabisa. Nilitaka nikianike wapi, mdomoni? Watu walikuwa wameshalima, wameshaloweka, kimeshaota. Tulikiosha. Tukakikaanga. Jicho la Bawabu likakipitisha. Na nilisema! Kamwulize Bawabu. Nilisema ukungu."

"Nimemwuliza."

"Basi."

"Basi kunywa."

Hakunywa. Aliinama, akaiweka kata sakafuni kwa uangalifu, asimwage hata tone, kama mtu anayelaza mtoto. Akatoka nje bila kuaga, yeye ambaye huaga hadi mbwa.

Mashauri aliitazama kata ile sakafuni. "Mimi nilikunywa kata mbili," alisema.

"Huwezi kufa kwa kata mbili. Kwa kitambi hicho, nyama choma itakuwahi." Aikaruwa alikaa kwenye kreti la pili. Kwa hiyo ndicho mama alichokuwa akikisema wakati wote huu, tangi baada ya tangi, naye akapokea malalamiko ya mjini na kuomba radhi kwa niaba yake. Hakuna aliyekuwa amekunywa pombe ile. Mama alikuwa amewatemesha wote.

"Lazima niandike kitu," Mashauri alisema kwa upole. "Kibao kinataka sababu. Sauti ya mkuu wa upishi, neno moja."

Akakisogeza. Aikaruwa akafungua kinywa, na neno lililotoka lilikuwa la kweli tupu.

"Ukungu."

"Hali ya hewa: ukungu," kilijibu kibao kwa sauti ileile ya Bawabu, maana vilikuwa ndugu. "Kosa la Ulimi linahesabiwa kuwa limetokana na hali ya hewa. Ulimi hautafutwa. Muhuri utarejeshwa. Wakulima waliotajwa wataingizwa kwenye fidia ya msimu mbaya. Thibitisha."

Mashauri alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, anasoma KILA KATA SAWA kana kwamba ni habari mpya. Alikuwa amesikia, naye alikuwa ameamua kutosikia. Funika kombe mwanaharamu apite. Kimea kingemwagwa kimyakimya, mama angebaki kwenye kioo chake, kaka angebaki mwenyekiti, na hakuna mtu hata mmoja angekuwa amesema uongo.

Lakini Aikaruwa alijua mashamba ya kaka yake, na alijua kwamba yale magunia ghalani hayakuwa mavuno yote. Mengine yalikuwa mahali fulani, mahali ambapo hapakuwa na Mama Ndekirwa. Na aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwa bado hewani. Ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Ilikuwa ya Ndekirwa kabisa.

"Thibitisha," kibao kilirudia.

"Sithibitishi." Alisimama, hakuweza kulisema amekaa. "Si ukungu wa angani. Ni wa kwenye kimea. Kimea kimeota kuvu, kikaoshwa, kikakaangwa. Ni cha kikundi cha kaka yangu, Ndekirwa Mlaki. Aliyekipokea bila kukitafuna ni mimi."

"Na magunia mengine yako bondeni."

Waligeuka wote. Ndekirwa alikuwa mlangoni, viatu vimejaa matope ya uani, na mkononi alikuwa na jani la isale lililofungwa fundo. Alikuwa amelichuma kwenye ua wa kiwanda. Mlimani, anayekuja na jani hilo amekuja kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa hata kama ana kisu mkononi.

"Kiwanda cha pombe ya chupa," aliendelea, akikiambia kibao, si dada yake. "Tuliwapelekea mara mbili. Wale hawatafuni wala hawaonji. Waambieni leo, kabla hawajasaga. Jina ni langu, wenzangu niliwaambia ni salama."

Aikaruwa alinyoosha mkono kulipokea jani. Ndekirwa akampita. Alikwenda hadi chini ya sanduku la kioo, akajinyoosha, akaliweka juu ya mfuniko.

"Mama," alisema, "nilisema nusu." Kisha akalia, mtu mzima yule, mbele ya matangi na mafundi.

Kilio kilipopungua, Mashauri alikohoa. "Bado kuna swali la Ulimi, dada. Umetoka nje ya kiwango kwa makusudi. Najua sababu, na sababu ni nzuri. Lakini kipimo kikiwa na maoni si kipimo. Hilo siwezi kulipindisha."

"Basi msiuite kipimo. Uiteni mpishi."

"Mpishi hapewi muhuri. Maduka yatawafungia."

"Najua."

"Kwa hiyo niandike nini? Sawa, au Si Sawa?"

Aikaruwa aliitazama ile kata sakafuni, tamu, safi, ya taa ya kijani. Akaiinua na kuimwaga kwenye ndoo aliyotemea asubuhi.

"Andika Si Sawa," alisema. "Na usiuguse."

*

Maduka yaliwafungia kweli. Mbege ya Kirawi ikarudi kuuzwa langoni, kwa wanaopanda wenyewe mlima kuifuata. Kimea kile cha bondeni kiliwahiwa sehemu. Sehemu nyingine ilikuwa imeshaingia kwenye chupa, na walizikusanya kwa matangazo, nyumba kwa nyumba. Ndekirwa alivuliwa uenyekiti na watu walewale aliowalilia jua. Hakubisha.

Jua lilipotoka hatimaye, alileta mzigo mwingine, mdogo, uliokaushwa juani mpaka ukawa unalia kama kokoto. Bawabu akamwuliza kama kuna lolote la kuarifu. Ndekirwa akaeleza. Alieleza gunia hadi gunia, lililolimwa na nani, lililooteshwa wapi, lililoanikwa upande upi wa paa, na lile moja lililonyeshewa kidogo akaliacha nyumbani, na kwa nini. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kupiga honi. Mmoja akashuka kumwuliza kama anatoa mahari.

Wakasaga, wakapika uji, wakauchanganya na maji ya ndizi. Pombe ilipokomaa, mirija ikaanza kudondosha. Ndekirwa alisimama chini ya kioo, kofia mkononi. Jani lilikuwa limeshakauka juu ya mfuniko na hakuna aliyethubutu kulitoa. Ulimi hauna macho ya kuona isale wala masikio ya kusikia mtu akilia. Ungejua kwa njia moja tu.

Koki ya msesewe ilifunguka, kidogo, ikajifunga.

Wakangoja. Haikufunguka tena.

Aikaruwa aliijaza kata, akampa kaka yake, naye akaanza. Alikunywa funda refu, akapangusa mdomo, akashindwa kusema karibuni. Akampa. Aikaruwa akanywa, akaitafuta ile ladha ya nyuma ya kinywa, akaitafuta hasira, hakuona kitu.

Mama alikuwa amenyamaza.